Kuleta randa ya kilo 300 nyumbani

Mtu anayefanya useremala nyumbani hufika mahali ambapo randa ya mkono, hata ikinolewa vipi, haimtoshi. Mbao zinatoka kupasuliwa zikiwa na mgongo, zimejipinda, upande huu mnene na ule mwembamba, na kuzinyoosha kwa mkono kunammaliza nguvu kabla hajaanza kutengeneza kitu chenyewe. Mimi nilipofika hapo niliamua kununua mashine ya randa, na niliitaka nzito: ya chuma cha kusubu, upana wa milimita 300, ile inayonyoosha ubao kwenye meza ya juu na kuusawazisha unene ukipita chini. Mashine ya namna hiyo ina uzito wa kilo 300 hivi.

Wengi waliniuliza kwa nini nisichukue ile nyepesi ya kuweka juu ya benchi. Sina ugomvi nayo, na kwa mbao fupi inafaa kabisa. Lakini meza zake ni fupi, na meza fupi hainyooshi ubao mrefu; inaufuata tu mpindo wake. Mota yake ya brashi inapiga kelele kali, na ukiweka ubao wa mita mbili na nusu, mashine yenyewe inataka kunyanyuka. Chuma cha kusubu kina chembe za grafaiti ndani yake zinazomeza mtetemo, na mtetemo ukimezwa visu vinaacha uso laini. Kwa hiyo nilikuwa nanunua uzito, na kila shida iliyofuata, kuanzia mlangoni hadi kwenye nyaya za umeme, ilitokana na uzito huohuo.

Kabla ya kutafuta mashine nilipima nyumba. Nilipima upana wa mlango, kona ya kupitia, kimo cha kizingiti, na hasa urefu wa chumba. Randa haihitaji nafasi yake peke yake. Ubao wa mita mbili na nusu unahitaji mita mbili na nusu kabla ya visu na nyingine mbili na nusu baada ya visu, na wewe usimame mahali. Chumba changu hakina urefu huo. Nilichora sakafu kwenye karatasi, nikaona kwamba nikiielekeza mashine mlangoni, ubao mrefu utatokea nje kupitia mlango ulio wazi. Mchoro huo ndio ulioamua mashine itakaa wapi, na ndio ulioniambia nitafute yenye meza za jumla ya mita moja na nusu, nisitamani ya mita mbili.

Niliangalia mashine kadhaa zilizotumika. Moja ilikuwa na ngoma ya visu, yaani mhimili unaozunguka ukiwa umebeba visu, ya mraba, ya kizamani. Hiyo niliiacha palepale. Ngoma ya mraba inaacha uwazi mkubwa kati ya pembe na pembe, na mkono ukiteleza unaingia wote; ngoma ya duara iliyokuja baadaye inaacha nafasi ndogo tu mbele ya kisu. Kama kuna jambo moja katika ununuzi huu ambalo halina majadiliano, ni hilo.

Niliyoinunua ilikuwa ya mzee seremala aliyekuwa anapumzika kazi. Nilipofika nikaanza kusifia rangi, maana ilikuwa imepakwa upya. Akaniambia, "Mwanangu, rangi hata mimi najua kupaka. Zungusha ngoma." Nikaondoa mkanda kwenye puli, nikazungusha ngoma kwa mkono polepole, kiganja kingine nimekiweka juu ya nyumba ya beringi. Beringi nzima haisemi kitu. Iliyokwisha unaisikia kwenye kiganja kabla ya sikio, kama mchanga. Upande mmoja ulikuwa shwari, upande wa puli ulikuwa na chembechembe. Mzee hakukataa. Alinionyesha namba iliyopigwa kwenye beringi: 6206. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la katikati kwa milimita, yaani 30. Kipenyo cha nje cha hiyo ni 62 na unene 16. Ni beringi ya kawaida inayopatikana popote zinapouzwa beringi. Beringi mbovu haikunitisha. Ambacho kingenitisha ni ufa.

Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka, na kukiunga kwa kuchomelea ni kazi ngumu isiyoaminika. Kwa hiyo nilipitisha tochi kwenye kila kona: miguu, masikio ya kufungia bolti, reli za meza, chini ya kizuio cha pembeni, kile ubao unachoegemea ukipita. Kisha nikagonga kwa nyundo ndogo hapa na pale. Chuma kizima kinalia kwa sauti ndefu, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa. Baada ya hapo nikaweka rula ndefu ya chuma juu ya meza, kwa urefu kisha kwa mshazari kutoka kona hadi kona, nikaangalia mwanga chini yake na kujaribu kupitisha karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1, na kwa kazi ya mbao hicho ni kipimo kizuri tu. Karatasi haikupita kwa mshazari wowote. Kutu ilikuwepo, ya juujuu, na kutu ya juujuu si sababu ya kuacha mashine nzuri.

Mzee aliiwasha, akapitisha ubao mmoja mbele yangu. Nakushauri usilipe kabla ya kuona hivyo. Mashine iliyozimwa inaweza kuficha mengi, lakini ubao unaotoka unaonyesha kila kitu: mistari ya kisu kilichopigwa, mwisho uliochimbika, upande unaoliwa zaidi. Pia niliandika kila kilichokuwa kwenye kibati cha mota na kukipiga picha. Nitarudi kwenye kibati hicho.

Kuhamisha kilo 300 si suala la misuli. Nilikuwa na watu wa kutosha wa kusaidia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwazuia wasiinyanyue. Tulipunguza kwanza kila kinachotoka: mota, kizuio cha pembeni, kifuniko cha visu, visu vyenyewe vikafungwa kwenye kitambaa kinene. Meza hatukuzifungua, kwa sababu mpangilio wake na ngoma ni wa kiwandani na kuurudisha ni shida. Na meza si mahali pa kushikia wala kufungia kamba. Kamba inapita chini ya mwili wa mashine. Uzito mwingi uko juu, miguu ni myembamba, kwa hiyo mashine ya namna hii inaangukia ubavu kwa urahisi kuliko inavyoonekana.

Sakafuni tulitumia mabomba matatu ya chuma ya kipenyo kimoja na mtaimbo. Mtaimbo unainua upande mmoja kidogo tu, kibao kinaingia, upande wa pili hivyohivyo, kisha mabomba yanaingia chini. Mashine inasogea kwa kusukumwa na mtu mmoja, bomba linalotoka nyuma linapelekwa mbele. Penye mteremko ndipo nilipowataka watu wawe watulivu. Kilo 300 kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita sita zinavuta kwenda chini kwa nguvu ya karibu kilo 50, na juu ya mabomba hakuna cha kuzizuia. Tulizungusha kamba kwenye nguzo upande wa juu, mtu mmoja akawa anaiachia kidogo kidogo, na nikakataza mtu yeyote kusimama upande wa chini, hata kwa sekunde moja ya kuelekeza. Kilo hizo zikianza kwenda, hakuna mkono wa binadamu utakaozisimamisha. Tulishuka polepole mno na hakuna aliyelalamika.

Kwenye sakafu nilikuwa nimeandaa vipande vinne vya bamba la chuma vya sentimita 10 kwa 10 vya kukaa chini ya miguu, ili uzito usichimbe zege mahali padogo. Hapa watu wengi wanafanya haraka. Wanaiweka mashine, wanatoboa zege, wanafunga bolti hadi mwisho, basi. Sakafu karibu zote zina mabonde. Mashine yenye miguu minne inakaa kwa mitatu, na ukiuvuta mguu wa nne chini kwa bolti unaupinda mwili mzima wa mashine. Meza zilizokuwa sawa kwa muuzaji zinakuwa hazisemezani nyumbani kwako. Mimi niliiacha isimame yenyewe, nikatafuta mguu unaoning'inia, nikaingiza vibati vyembamba chini yake mpaka karatasi ikakaza. Ndipo nikaweka pima maji kwenye meza kwa urefu na kwa upana. Bolti nilizikaza mwisho kabisa, kwa kiasi cha kuizuia isitembee tu, kisha nikarudisha rula ya chuma kwa mshazari kuhakikisha hakuna kilichobadilika. Ile karatasi bado haikupita, na hapo niliridhika.

Sasa umeme, ambao ndio uliowakatisha tamaa wengi ninaowajua. Mashine nzito za karakana zina mota za fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Kibati cha mota yangu kilisema: kilowati 2.2, volti 230 kwa 400, hertz 50, mizunguko 2,880 kwa dakika. Hizo volti mbili zina maana kubwa. Nyota na pembetatu ni namna mbili za kuunganisha koili za ndani ya mota. Mota ya 230/400 ikifungwa kwa mtindo wa nyota inataka volti 400 kati ya fezi na fezi, na ikifungwa kwa mtindo wa pembetatu inataka 230. Ingekuwa imeandikwa 400/690, isingewezekana kuiendesha kwa nguvu kamili kwa umeme wa 230 bila kuibadili. Mota hadi kilowati 3 hivi kwa kawaida ni za aina ya kwanza, na kubwa zaidi ni za aina ya pili, ndiyo maana kibati kinasomwa kabla ya kulipa.

Kuna njia ya kuweka kapasita mota ya fezi tatu ikaenda kwa fezi moja. Inaenda, lakini inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na inapata joto. Mimi sikutaka kubeba uzito wote huo halafu nije kuunyima nguvu. Nilinunua invata ya mota, kifaa kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Isichanganywe na invata ya sola. Tulifungua kisanduku cha nyaya kwenye mota, fundi umeme akahamisha vile vibati vitatu vya shaba kutoka nyota kwenda pembetatu, na waya wa ardhi ukafungwa kwenye mwili wa mota na kwenye mwili wa mashine.

Fundi huyo nilimwita kwa sababu waya wa zamani wa chumba usingeweza. Mota ya kilowati 2.2 kupitia invata inaweza kuvuta karibu ampea 20 ikifanya kazi kamili. Akavuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye bodi kuu, na sakiti breka yake peke yake. "Kaka, kwenye waya huu usije ukachomeka kitu kingine," alisema, na hakuna kilichochomekwa. Jambo zuri ni kwamba invata inaiamsha mota taratibu. Mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, taa za nyumba zinafifia na breka inaweza kuruka. Yangu inachukua sekunde chache kufika kasi yake, na taa hazistuki.

Yapo mambo mawili ya invata ambayo ningemsihi kila mtu ayaheshimu. Swichi ya zamani ya mashine haibaki katikati ya invata na mota, kwa sababu kukata mkondo hapo wakati inafanya kazi kunaweza kuiua invata. Vitufe vya kuwasha na kuzima vinaunganishwa kwenye tundu za amri za invata. La pili ni kuipanga isijiwashe yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Fikiria umeme umekatika, umeinama kusafisha maranda karibu na visu, halafu umeme unarudi. Hata kwa mota ya fezi moja isiyo na invata, nunua swichi ya aina inayokaa imezima mpaka ubonyeze tena. Na ukifungua invata kwa sababu yoyote, zima, chomoa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko. Kapasita zake zinabaki na umeme wa kuua.

Tulipoiwasha mara ya kwanza bila mkanda, mota ilizunguka kinyume. Hilo si tatizo: unabadilishana waya wowote wawili kati ya mitatu ya mota.

Nilihesabu pia puli. Ya mota ina milimita 125, ya ngoma 75, kwa hiyo 2,880 mara 125 gawa kwa 75 ni mizunguko 4,800 kwa dakika. Kwa visu vitatu ni mikato 14,400 kila dakika. Anayenunua mashine iliyotoka nchi ya umeme wa hertz 60, Marekani kwa mfano, na kuiendesha kwa hertz 50, ajue kwamba ngoma itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na uso wa ubao utaonyesha. Puli ya mota kubwa kidogo inarudisha kasi hiyo.

Kuweka visu ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote, na ndiyo ninayoiona inafanywa ovyo zaidi. Kisu kikichomoza kupita mwili wa ngoma kwa milimita moja hivi kinatosha. Ninatumia rula ya mbao iliyonyooka, nailaza juu ya meza ya kutokea, ile ya upande ubao unakotokea baada ya visu, ncha yake ikining'inia juu ya ngoma, na naweka alama ya penseli kwenye rula palipo ukingo wa meza. Halafu nazungusha ngoma kwa mkono, kinyume cha mzunguko wake wa kazi ili kisu kisiichane mbao. Kisu kinaigusa rula, kinaibeba kidogo, kinaiacha. Naweka alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ukiwa milimita tatu, kimo ni kizuri. Natafuta milimita tatu hizohizo upande wa kushoto, upande wa kulia, kisha kwa kisu cha pili na cha tatu. Kisu kimoja kikibeba milimita tano na vingine tatu, ni hicho kimoja kinachofanya kazi yote, na ubao utakuwa na mawimbi hata visu viwe vipya.

Bolti za visu nakaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu ukikaza moja hadi mwisho kisu kinapanda upande wa pili. Kabla ya kuwasha nazungusha ngoma duara zima kwa mkono, na baada ya dakika chache za kwanza nazima, nachomoa, nakaza tena.

Kimo cha meza ya kutokea ndicho kinachomchanganya anayeanza. Ikiwa juu kuliko visu, ubao unagonga ukingo wake au unatoka umeliwa zaidi upande mmoja. Ikiwa chini, ubao unakwenda vizuri hadi mwisho, kisha sentimita chache za mwisho zinachimbika, maana zimeachwa na meza ya kuingilia na kuangukia kwenye visu. Ukiona shimo hilo mwishoni, usiguse visu. Pandisha meza unywele mmoja, jaribu tena. Kwa kizuio cha pembeni guni, kifaa cha kupimia pembe mraba, inasaidia, lakini kipimo ninachokiamini ni hiki: randa ukingo wa mbao mbili, zikutanishe ukingo kwa ukingo, zisimamishe mbele ya mwanga. Kosa la pembe linajizidisha mara mbili, na jicho linaliona hata kama guni ilikubali.

Kutu ya meza niliisafisha kwa mafuta ya taa na msasa laini, kwa mkono, bila grainda, maana grainda inachimba. Kisha nta isiyo na silikoni, kwa sababu silikoni ikihamia kwenye ubao vanishi inakataa kushika.

Vumbi lilinifanya nitumie gharama ambayo mwanzoni haikuwa kwenye hesabu yangu, na sijutii hata kidogo. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika chapisho lake la mwaka 1995 liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua na mianzi yake. Maranda makubwa yanaonekana na kufagiwa. Unga mwembamba unaoelea ndio mbaya. Niliunganisha bomba la milimita 100 kutoka kwenye randa hadi kwenye kivuta vumbi, na barakoa navaa bado. Masikio nayafunika kila mara, kwa kuwa randa nyingi zinapita desibeli 90 kwa urahisi, na kwa majirani nina saa zangu ambazo nawashia na saa ambazo siwashi. Glavu sivai kamwe mbele ya ngoma inayozunguka. Ubao mfupi wa chini ya sentimita 30 haupiti kwangu, na mbao nyembamba nasukuma kwa vibao vya kusukumia.

Baada ya majuma ya mwanzo nilirudia pima maji, na mguu mmoja ulikuwa umekaa chini kidogo. Kibati kimoja chembamba zaidi kilitosha. Beringi ya upande wa puli niliibadilisha pamoja na mwenzake, zote za kufungwa kwa raba ili vumbi lisiingie. Seti ya pili ya visu ipo kwa mnoaji, na nimemwomba avipime vyote vitatu kwenye mizani kabla ya kunirudishia, kwa sababu kisu kikipungua uzito kuliko wenzake kwa mizunguko 4,800, beringi hizo mpya ndizo zitakazoumia.